Mshika Tochi

Nilikuja na glavu mia mbili begini,
stethoskopu mpya ya rangi ya zambarau,
na daftari ambalo ukurasa wake wa kwanza ulisema
"Nitakayojifunza", umepigiwa mstari mara mbili.

Sista Dilmaya Rokaya aliniuliza jina.
Jerneja, nikasema. Akalionja, akalitema,
akalionja tena. "Jirimaya," akakata shauri,
na wodi nzima ikanibatiza hivyo,
hata mfagizi asiyesema na mtu.

Jumla, mwezi wao wa Mangsir.
Vipande vya tufaha vinakauka juu ya mapaa bapa,
maji ya bomba yanauma kuanzia kidole hadi kiwiko.
Siku ya kwanza nikapewa shashi nikunje.
Siku ya pili, shashi.
Siku ya tatu nikasema, kwa adabu zote,
mimi niko mwaka wa nne, kwetu Maribor
nimeshashona ngozi ya nguruwe mara kumi na moja.
Sista akachukua kipande changu, akakikunjua.
"Pembe," akasema. "Pembe hazijakutana."

Siku tuliyokunywa chai nyuma ya maabara
akaniuliza nauli ya ndege ni rupia ngapi.
Nikataja nusu.
Alihesabu kwa vidole, midomo ikimchezacheza,
kisha akainuka akaenda kuangalia dripu
ambayo nilikuwa nimetoka kuiangalia.

Usiku wa kumi na mbili akaletwa Bishnukala
ndani ya tenga, mgongoni mwa mwanawe,
mkanda umemkaza kijana paji la uso.
Siku moja na nusu ya kuteremka mlima.
Alikuwa juu ya mwaloni akimkatia nyati wake majani,
tawi likamsaliti. Mfupa wa muundi ulichungulia nje,
mweupe kuliko kitu chochote mle ndani.

Umeme ukakatika, kama ada yake, penye haja.
"Tochi," akasema daktari Hamal bila kugeuka,
na mkono uliokuwa karibu ulikuwa wangu.

Saa mbili nzima.
Hakuna aliyewahi kunifundisha kushika tochi.
Ukisogea, kivuli cha mkono wa daktari
kinamwagikia kidonda; ukipumua vibaya, vilevile.
Bega likawaka, kisha likafa ganzi,
kisha likawa la mtu mwingine.
Bishnukala, kapigwa sindano ya kiunoni, yu macho,
hakuutazama mguu. Alinitazama mimi.
Akauliza jambo. Sista akatafsiri huku akikata uzi:
"Anataka kujua, ukiwa huku, ng'ombe wenu analishwa na nani."
Hatuna ng'ombe, nikasema.
Maneno yakavuka meza, yakamfikia.
Masikini wewe, yakasema macho yake; akanyoosha mkono
akanipapasa kiwiko, kile kile kilichobeba mwanga,
na mwanga ukayumba, na daktari akafoka.

Siku ya tisa tangu hapo mwanawe akarudi na tenga.
Nyati anakaribia kuzaa. Nilimkataza mama yule
kwa Kislovenia, kwa sauti kubwa, kana kwamba
sauti ikipanda lugha hueleweka.
Kidonda bado kibichi! Akacheka,
akaniachia tufaha kavu ndani ya kipande cha gazeti.
Sista hakubishana. Alifungua kabati la chini
akajaza mfuko: vidonge, bendeji, na shashi,
zile zangu, za wiki ya pili,
ambazo pembe zake, karibu zote, zilikutana.

Chuo kimeniletea fomu. Ustadi uliopatikana:
mistari mitatu ya nukta za kujazia.
Nimekaa nayo tangu asubuhi.
Nimeandika neno moja, nikalifuta.
Nje theluji imeshuka, njia ya juu imefungwa,
na nyati, kama hesabu ya Bishnukala ilikuwa sawa,
ameshazaa.